Filamu Aliyoitafsiri Mume Wangu

Kila Krismasi, baada ya ibada na pilau, sebule yetu ya mtaa wa Cheyo ilijaa watu waliokuja kumgombania mwanamke mmoja wa Kizungu. Yeye alikuwa ndani ya TV na hakuwa na habari na sisi, lakini sisi tulijua zake zote: kazi yake, ukali wake, wanaume wake wawili. Watu walikuja na viti vyao. Wengine walikuja na embe kwenye sahani, maana Desemba kwetu ndio msimu. Filamu ilikuwa ileile kila mwaka na ubishi ulikuwa uleule, na sauti iliyotusimulia yote hayo kwa Kiswahili ilikuwa ya mume wangu.

Yeye ndiye aliyeitafsiri. Tulipokuwa vijana alikuwa na banda la video mtaa wa Kanyenye, na baadaye, watu walipoanza kununua deki zao, akawa anaazimisha CD. Filamu za mapigano hazikumpa shida. Steringi anapiga, adui anaanguka, kila mtu ameelewa. Shida ilikuwa zile za mapenzi, ambazo watu wanaongea tu mwanzo mpaka mwisho. Wateja walizirudisha wakisema hawakuambulia kitu. Basi akaanza kuzitafsiri mwenyewe. Alitundika blanketi kwenye dirisha la chumba chetu, akapunguza sauti za Wazungu mpaka zikawa kama za watu wanaoongea nyumba ya jirani, akaweka yake juu. Alitafsiri kadhaa. Nyingine zimepotea, nyingine zimechubuka hazichezi tena. Imebaki hii ya Krismasi.

Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili. Changu ni cha darasa la saba, ambacho ni sawa na kutokuwa nacho. Kwa hiyo alichosema yeye tulikipokea.

Na alisema hivi. Kuna msichana anayeshona nguo katika chumba cha nyuma cha duka kubwa, katika mji wenye barafu. "Msichana huyu kwao ni Choma, huko Igunga," sauti ya mume wangu ilieleza bila wasiwasi wowote. "Ameacha ng'ombe wa baba yake, amekuja mjini kutafuta maisha." Watu walicheka hapo kila mwaka, kana kwamba hawakujua kuwa neno hilo linakuja. Kila ikikaribia Krismasi duka hilo huajiri mwanaume wa kuvaa mavazi mekundu na ndevu za pamba, akae kwenye kiti kikubwa na kupokea watoto. Siku ya kwanza suruali yake inachanika gotini kwa bahati mbaya. Anapelekwa kwa msichana, msichana anaishona huku akimgombeza, naye anapenda jinsi anavyogombezwa. Kuanzia hapo anaichana kwa makusudi kila siku, leo kwa msumari, kesho kwa mlango, keshokutwa kwa mkasi. Na siku zote hizo msichana hajauona uso wake, kwa sababu ya zile ndevu.

Mwanaume wa pili ana koti refu na gari refu. Anamletea msichana chakula kila mchana, anamsihi aache kazi ile, na siku moja anampeleka kwa bibi kizee mmoja ambaye anawakumbatia wote wawili. "Huyu bwana ni afisa wa ushirika wa tumbaku," mume wangu alisema. "Ana gari, ana nyumba ya bati, na amekuja kuposa. Na huyu ni mama yake mzazi, anamkagua mkwe."

Mwishoni, yule kibarua wa suruali amemaliza kazi yake na amenyoa. Anamfuata msichana stesheni ya treni. Msichana anampita kama anavyompita mtu yeyote, hamjui. Ndipo mwanaume anafungua koti katikati ya abiria na kumwonyesha magoti yake, ile suruali nyekundu na viraka vyote alivyomshonea. Hapo msichana anakaa juu ya sanduku lake na kucheka. Filamu imeisha.

Maoni ya watazamaji yalikuwa makali kuliko filamu. Jirani yetu wa ukuta wa kushoto ni fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti kubwa, na yeye alikuwa upande wa mwenye viraka, ingawa kila mwaka alilalamika kwamba kiraka hakishonwi vile, mkono wa yule msichana ni wa mwanafunzi. Jirani wa mbele ni mzee Mgogo, mstaafu wa reli, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Yeye hakuwa upande wowote. Alikuja kuwacheka wote. "Mwanaume hana suruali ya pili," alikuwa akisema, "na nyinyi mnamwita mchumba."

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akija kila Krismasi kutoka kijijini njia ya Urambo, alimtaka mwenye gari na hakuwahi kubadilika. "Huyu anamletea chakula kila mchana. Yule anamletea matambara. Sasa mnabishana nini?"

"Lakini mama, moyo haumtaki huyo wa gari!"

"Moyo umeuona wapi? Mimi nimeona sahani."

Mimi nilikuwa naingia na kutoka na vyombo. Filamu yenyewe, kusema kweli, sikuipenda sana. Ni ndefu, na barafu yake inanifanya nione baridi. Nilichopenda ni kumtazama mume wangu akijisikiliza. Alikaa kwenye kigoda karibu na deki, na watu walipocheka pale alipotaka wacheke, aliangalia chini.

Alikufa mwezi wa nane, baada ya kuugua wiki tatu. Siku ya mazishi yule mtani wetu Mgogo alilizuia jeneza mlangoni, akasema marehemu hatoki, ana deni la salamu, anaondokaje bila kumuaga. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, kama ilivyo desturi, mpaka akaachia njia. Baada ya hapo siku zilikuwa ndefu. Nilijifunza kupika chakula kidogo, cha mtu mmoja. Nililala upande wangu wa kitanda tu.

Krismasi ilipokaribia sikujua kama watu wangekuja, na sikujua kama nilitaka waje. Mama mkwe alifika siku mbili kabla, akiwa na kuku na chupa ya asali. Tulisalimiana, akanywa maji, halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Ile ya mwanangu ipo?"

"Ipo, mama."

"Haya." Akaenda kulala.

Binti yetu, ambaye anafundisha Kiingereza sekondari moja huko Shinyanga, alikuja mkesha. Asubuhi ya Krismasi tulirudi kutoka kanisani, tukakaa jikoni tunamenya vitunguu saumu, na mama mkwe alikuwa chumbani anabadilisha nguo. Binti akaegemeza mlango.

"Mama, nikuambie kitu, usikasirike."

"Sema."

"Ile filamu nimeipata kwenye mtandao, yenyewe halisi, kabla baba hajaweka sauti. Nimekuja nayo kwenye flashi. Picha yake safi sana."

"Sasa hapo nikasirikie nini?"

Akabandua kwanza maganda yaliyonata vidoleni. "Yule mwenye gari ni kaka yake."

"Kaka wa nani?"

"Wa yule msichana. Kaka yake wa tumbo moja. Na yule bibi ni mama yao wote wawili. Anataka binti yake arudi nyumbani Krismasi, ndiyo habari yote. Hakuna posa wala nini."

Niliendelea kumenya. Nilikuwa nimeshika punje ileile na haikuwa na ganda tena.

"Una hakika?"

"Nimeitazama mara mbili, mama. Baba alikisia. Wanaongea haraka mno wale. Ukiangalia picha tu, mwanaume anamletea mwanamke chakula, anampeleka kwa mama, na wewe ungesema hivyohivyo."

Nikafikiria miaka yote ile. Watu wazima, wengine wazee wa kanisa, wamekaa sebuleni kwangu wakipigania msichana aolewe na kaka yake. Mama mkwe wangu akiwa mbele yao.

Binti alisema tuna njia mbili. Tuweke hii safi, yeye atatafsiri kwa mdomo, na mambo yatajulikana yenyewe. Au tuweke ya baba, na tunyamaze. Yeye aliona tunyamaze. "Inamdhuru nani?" aliuliza.

Kuweka ile safi sikuweza. Mama mkwe alikuwa amepanda basi na umri wake ule kuja kusikia sauti ya mwanawe, na mimi pia, nisijifiche nyuma yake, niliihitaji na niliiogopa. Lakini kunyamaza kuliniwia vigumu. Mimi si mtu wa maneno mengi, ila nikijua jambo si kweli siwezi kukaa na watu wanaoliamini nikawapelekea embe. Na nikisema, namwaibisha marehemu mbele ya mama yake, mwaka uleule tuliomzika. Watu wataondoka wakisema kumbe yule bwana alikuwa akitudanganya. Jina la mtafsiri lilikuwa ndilo jina lake mjini. Hakuwa na lingine kubwa.

Nilikoroga pilau bila kuamua.

Walikuja saa nane, mvua ikiwa imetulia. Walikuja wengi kuliko miaka yote. Walimwamkia mama mkwe shikamoo mmoja mmoja, wakanipa mkono, wakakaa. Hakuna aliyegombania kiti. Binti aliweka CD, na baada ya mikwaruzo kidogo mume wangu akasema, "Karibuni watazamaji, karibuni Krismasi, leo tuna habari ya mapenzi na sindano."

Nilishika fremu ya mlango. Sauti ilikuwa ya ujana zaidi kuliko nilivyoikumbuka. Nyuma yake, mbali, jogoo wa mwaka ule aliorekodi aliwika.

Kilichonitisha ni kitu kingine. Hakuna aliyebisha. Mume wangu aliposema msichana kwao ni Choma, hakuna aliyecheka. Fundi cherehani alitazama kiraka cha kwanza kikishonwa vibaya na kufunga mdomo. Mtu mmoja alinong'ona, "Nzuri. Nzuri sana," na mwingine akaitikia, "Nzuri kwa kweli." Walikuwa wamekaa kama kwenye matanga, mikono mapajani, wakimheshimu. Nilimwona mama mkwe akigeuza shingo taratibu kuangalia nyuso za watu, kama anatafuta kitu alichokiacha hapa mwaka jana.

Mtani ndiye aliyeokoa. Ilikuwa pale suruali inapochanwa kwa msumari. Akakohoa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mnyamwezi huyu! Tumemfukia wenyewe mwezi wa nane, Desemba bado anatupigia kelele!"

Mtu mmoja alivuta pumzi kwa mshtuko. Mama mkwe akamgeukia polepole.

"Mgogo wewe, umekuja kutazama au kuomba pilau?"

"Vyote viwili, mama. Na nyama unifungie ya kwenda nayo."

"Nilijua. Ugogo njaa haijaisha?"

"Babu zenu wakipita kwetu na mizigo ya watu kichwani tuliwapa maji, ndiyo maana mkafika pwani. Leo mtaninyima pilau?"

"Maji mliwauzia!" akasema fundi cherehani, na hapo sebule ikapasuka kwa kicheko, na vicheko vilipoisha watu walikuwa wamerudi kuwa watu. Walisogeza viti. Walidai embe. Fundi akasema sasa hivi hawezi kuvumilia, ile sindano ameishika kama mwiko. Mume wangu alisema jambo la kuchekesha kwenye TV na walilikosa kwa sababu ya kelele, ikabidi binti arudishe nyuma.

Halafu mwenye gari akafika na chakula chake.

"Huyo! Mume huyo," akasema mama mkwe.

"Mama, tafadhali. Mwaka huu pia?"

"Mwaka huu na mwakani. Mwangalie alivyomfungulia mlango."

"Lakini hamwangalii kwa mapenzi," fundi akasema. "Mimi siku zote nasema. Anamwangalia kama anayeangalia mzigo wake."

"Mwanangu alisema anampenda!" Mama mkwe alipandisha sauti, na kidole chake kilielekea kwenye TV. "Amesema mwenyewe, mmesikia kwa masikio yenu, bwana huyu amekuja kuposa. Nyinyi mnajua Kiingereza kuliko yeye? Yeye alisoma hii. Alikaa chumbani siku nzima na blanketi dirishani, akaisoma. Mwanangu hakusema asichokijua."

Binti alinitazama kutoka pale kwenye deki na kutikisa kichwa kidogo, yaani, mama, acha. Nilikuwa na sinia la glasi. Nililiweka mezani.

"Mama," nikasema, "naomba radhi. Yule si mchumba wake. Ni kaka yake."

Nilimwambia yeye, sikuwaambia wengine, lakini wote walisikia. Binti alisimamisha filamu. Mwenye gari alibaki amesimama katikati ya barafu na sahani mkononi.

"Kaka wa nani?" akauliza mama mkwe, kama nilivyouliza mimi.

"Wa msichana. Mjukuu wako ameipata filamu yenyewe, na Kiingereza anakifundisha. Yule bibi ni mama yao. Mume wangu alikosea, mama. Sikutaka kusema leo. Lakini umesema hakusema asichokijua, na mimi nimeijua habari hii tangu asubuhi, nimeshindwa kunyamaza."

Nilifuta mikono kwenye khanga.

Mama mkwe alitazama TV. Alimtazama yule mwanaume muda mrefu, koti lake, gari lake, sahani. Kisha msichana. Kwa kweli walifanana. Pua ilikuwa moja. Sijui tulikuwa tukiangalia nini miaka yote.

"Wana pua moja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo nilikuwa namwozesha kwa kaka yake."

Mtani alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake, mabega yanacheza. Mama mkwe akamwona.

"Cheka, Mgogo, usije ukafa ukanipa kesi."

Akacheka mpaka akatoka nje akarudi. Fundi cherehani alikuwa akipiga paja na kusema, "Nilisema! Nilisema hamwangalii kwa mapenzi!" Mwanamke mmoja wa kwaya, mpole sana, akauliza kama tulifanya dhambi. Binti yangu alicheka na machozi yakamtoka, sikuweza kutenganisha yapi ya kicheko na yapi ya baba yake.

Nilikwenda nikapiga goti mbele ya mama mkwe. "Umenikasirikia?"

Alifikiri. Hajawahi kunipa jibu la haraka tangu nimeolewa. "Yeye alijua?"

"Sijui, mama. Sidhani."

"Angejua, angerekebisha?"

Nilitaka kusema ndiyo, kwa sababu yeye ni mama na mimi ni mjane. "Hapana," nikasema. "Watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya ubishi. Angeuacha."

Akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa hivyo tangu mdogo. Ukimtuma kwa mtu, asipomkuta, analeta jibu la kwake." Akaniinua kwa kiwiko. "Amka. Magoti yako siyo ya kupigia sakafu."

Nilidhani basi, yamekwisha, watu watachukua viti vyao. Lakini mtani, aliyekuwa amerudi na kofia yake, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Ngoja kwanza. Kama huyu ni kaka mtu, basi ng'ombe wa mahari walitakiwa wapelekwe kwake."

Vichwa vyote vikageukia TV.

"Eeh," akasema mama mkwe taratibu. "Na yule wa viraka hajaenda hata kubisha hodi."

"Ataendaje, suruali ina matundu!"

"Ndiyo maana kaka anakuja kila mchana," fundi akasema, macho yamemtoka. "Analinda! Anataka kujua ni nani anayemzungukia dada yake!"

"Na chakula je?"

"Cha mama yao! Mama kampikia bintiye!"

Walianza upya, wote kwa pamoja. Waliokuwa upande wa mwenye viraka sasa walimwona mtu asiye na adabu, amechukua mtoto wa watu stesheni bila kuongea na mkubwa wake. Mama mkwe, aliyempinga miaka yote, alisema kijana si mbaya, anahitaji tu mshenga. Mtani alijitolea kuwa mshenga kwa sharti la mbuzi.

Binti aliniinamia sikioni. "Nikirudi Shinyanga nirekodi upya kile kipande cha posa? Kiwe sahihi?"

Nilimwambia asikiguse.

"Rudisha nyuma," mama mkwe akaamuru. "Mwanzo kabisa, pale gari linapoingia. Nataka kumwona tena huyo kaka."

Binti akarudisha. Gari refu likaja juu ya barafu, mlango ukafunguka, koti likashuka. Mume wangu akasema kwa sauti yake ya kujiamini kwamba huyu bwana ni afisa wa ushirika wa tumbaku, ana gari, ana nyumba ya bati, na amekuja kuposa.

"Kaka yakeee!" sebule nzima ikamjibu, wazee na vijana, mama yake kwa sauti kuliko wote. Na mimi nilisema.

Naye hakusita hata kidogo. Akaendelea kutafsiri.